Nyangumi wa Shimo la Saba

Katika klabu ya gofu ya Inverskellie, jambo jipya halikupata kukubaliwa hata siku moja. Mtu aliyetaka kubadili chochote pale, hata sabuni ya msalani, alipaswa kwanza kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa zamani. Kwa hiyo, mtaalamu wa viwanja Vandermolen alipovuka bahari kuja kuufanya uwanja ule wa kale uwe mgumu zaidi, hakulitamka neno “mgumu” hata mara moja. Alisema anakuja “kuurejesha”. Wanachama walipiga makofi wakasimama.

Aliurejesha kwelikweli. Mashindano makubwa yalikuwa yakitafutiwa uwanja, na kamati ilikuwa imeambiwa kwa adabu kwamba vijana wa siku hizi wangeumaliza uwanja wao kabla chai haijapoa. Mtaalamu akapanda vichaka vya miiba pale palipokuwa na njia, akainamisha ardhi pale palipokuwa sawa, na mzunguko uliokuwa ukichukua saa tatu ukawa unachukua saa tano kasorobo. Wanachama walirudi wakiwa wamelowa, wamechanika soksi, wamepoteza mipira minane kila mmoja, nao walipoulizwa walijibu kwamba uwanja ulikuwa umependeza mno. Wageni kutoka mbali walipanga foleni ili wateseke namna ile ile.

Haya yote Mwalimu Erchie Meldrum aliyavumilia. Alikuwa amefundisha hisabati katika shule ya mji kwa miaka thelathini na minane, na uvumilivu haukuwa somo geni kwake. Kilichomshinda ni handaki la shimo la saba.

Tangu zamani, mbele ya shimo la saba palikuwa na ardhi tambarare, ngumu, yenye majani mafupi, na mtu asiye na nguvu za mikono aliweza kuuviringisha mpira wake taratibu hadi kwenye jamvi la majani lililozunguka shimo. Hivyo ndivyo alivyocheza Netta, mkewe Erchie, mwenye umri wa miaka sabini na sita na bega moja lisiloinuka. Kila Alhamisi kwa miaka hamsini na mmoja walikuwa wamecheza pamoja, katika mvua na katika ile mvua nyepesi ambayo watu wa pale huiita hali nzuri. Sasa mtaalamu alikuwa amechimba hapo handaki la mchanga lenye kina cha kumzidi mtu kimo, likatanda kutoka ukingo hadi ukingo. Mpira ulipaswa kuruka juu yake, na mipira ya Netta haikuwa imeruka tangu bega lilipoharibika. Jumatatu moja Erchie alimkuta akizifuta fimbo zake kwa kitambaa, moja moja, na kuzipanga kando ya mlango.

“Unaenda wapi na hizo?”

“Jumamosi kuna mnada wa kanisa. Zitapata mtu.”

“Netta.”

“Usiniite hivyo, mzee. Alhamisi nimepiga mara kumi na nne mle ndani. Kumi na nne! Wageni wananisubiri huku wanatazama saa. Mimi nilikuwa nacheza kwa raha yangu. Raha ikiisha, basi.”

Erchie alitoka nje bila kofia, jambo ambalo majirani hawakulisahau upesi.

Ushahidi wa mtaalamu kwamba handaki lilikuwapo zamani ulikuwa ni picha moja ya mwaka 1911, iliyotundikwa ukumbini juu ya bakuli la peremende. Ilionesha shimo kubwa mbele ya jamvi la saba, na pembeni yake mabwana sita wenye masharubu, kila mmoja akiwa ameshika leso usoni. Vandermolen aliieleza picha hiyo kwa sauti iliyotetemeka: mabwana wale, alisema, walikuwa wakifuta machozi kwa heshima ya ugumu wa handaki. Kamati nayo ilikaribia kulia.

Aliyeleta shaka ni Dod Imrie, mtunza majani wa uwanja, mtu wa maneno machache na mengi kati ya hayo hayafai kuandikwa. Alimvuta Erchie nyuma ya banda la mashine.

“Mwalimu, we umesoma. Nimelitoa fupa hili wakati tunachimba. Kapteni wa klabu ananiambia ni la ng'ombe, nikae kimya.”

Ulikuwa mfupa wa ubavu, mrefu kuliko mlango wa banda.

“Ng'ombe gani huyu, Dod?”

“Ndo nakuuliza wewe. Kama kuna ng'ombe wa hivi, mimi maziwa naacha leo.”

Erchie aliwahi kuwa katibu wa klabu, naye alijua kabati la vitabu lilipo. Katika kitabu cha kumbukumbu za vikao vya mwaka 1911 aliupata ukurasa alioutaka, akaunakili kwa mkono, neno kwa neno, kwa sababu kitabu cha klabu hakitolewi nje ya klabu. Tufani lilikuwa limemtupa nyangumi ufukweni. Jua likamfanyia kazi yake, akaanza kunuka. Na klabu ikakubali azikwe mahali penye mchanga laini kuliko pote, mbele ya shimo la saba. Shimo lile lilichimbwa kwa majembe, likapigwa picha, na, kama kitabu cha mwaka 1914 kilivyoeleza, likafukiwa kabisa. Leso zilikuwa leso za pua.

Jumatano aliusoma ukurasa huo mbele ya mkutano wa wanachama. Aliusoma kwa sauti ile ile iliyowahi kunyamazisha vidato vinne kwa mpigo, akahitimisha kwamba klabu ilikuwa imefukua kaburi la nyangumi na kuliita sanaa.

Kapteni wa klabu, Fergus Rintoul, daktari wa meno aliyewahi kuwa mwanafunzi wake dhaifu katika kugawanya, alisimama polepole, machozi yakimlengalenga.

“Ndugu zangu,” alisema, “tuna nyangumi.”

Makofi yaliyofuata yaliziangusha peremende. Klabu gani nyingine ilikuwa na nyangumi? Papo hapo wakaazimia kwamba handaki liitwe Nyangumi, liwekewe kibao cha shaba, na lisiguswe milele. Sitini na mmoja waliunga mkono. Tisa walipinga, na wawili kati ya hao walikuwa wamedhani wanapigia kura supu.

“Mwalimu, umetuokoa!” Rintoul alimshika mkono kwa mikono yote miwili. “Kesho tunafungua rasmi. Wewe na Bi Netta mtacheza nami na mtaalamu. Sikubali hapana.”

Erchie alimsimulia Netta haya yote mezani, akiwa ameinamia supu ya dengu. Netta alimsikiliza hadi mwisho.

“Na ukurasa wa pili?”

“Upi?”

“Baada ya huo. Wamemzika, haya. Halafu wakachezaje hapo, na ile harufu?”

“Haukuhusu hoja yangu. Nilisoma kilichohusu.”

“Ndo maana umeshindwa, baba. Siku zote unasoma mpaka pale unapoonekana uko sawa, halafu unafunga kitabu.”

Asubuhi ya Alhamisi Netta alikuwa wa kwanza kwenye kabati la klabu. Erchie alimwona akisoma, kisha akiketi, kisha akicheka hadi bega bovu likamuuma. Netta alifika kwenye shimo la kwanza akiwa amebeba fimbo zake zote, pamoja na kitabu, ambacho kwa hakika hakikutoka nje ya klabu, kwa kuwa uwanja ni sehemu ya klabu.

Walipofika shimo la saba, watu kama themanini walikuwa wamelizunguka handaki na kibao kikingali kimefunikwa. Mpira wa Vandermolen uliruka vizuri, ukagonga ukingo alioujenga yeye mwenyewe, ukarudi ndani. Mpira wa kapteni uliufuata. Wa Erchie ukafanya vivyo hivyo. Wa Netta ulibiringika hadi ukingoni ukasimama. Alilichungulia handaki, akatoa leso, akaziba pua.

“Siwezi kuvumilia harufu,” alisema.

“Harufu gani, Bi Netta?” aliuliza kapteni akiwa chini mchangani.

“Ya nyangumi wenu. Nikusomee?” Akafungua kitabu. “‘Mchezaji yeyote asiyeweza kuvumilia harufu anaruhusiwa kuuchukua mpira wake, kulizunguka handaki, na kuuangusha ng'ambo bila adhabu. Kanuni hii itadumu mpaka harufu itakapokwisha, kwa kauli ya mchezaji mwenyewe.’ Imepitishwa na kikao, mwaka 1911. Haikufutwa. Nimetafuta.”

“Lakini, mama, miaka mia na zaidi...”

“Fergus, we unataka kufuta kitu cha mwaka 1911?”

Watu themanini walimgeukia kapteni. Kapteni alikitazama kibao. Alikuwa amekwisha kupiga mara tano.

“Hapana,” alisema kwa unyonge. “Kanuni ni kanuni.” Akatulia kidogo, akainua pua. “Na kusema kweli, upepo ukigeuka hivi, kuna kaharufu.” Naye akauokota mpira wake.

Vandermolen alijaribu mara mbili zaidi. Kisha akamgeukia Erchie, aliyekuwa chini pamoja naye, mchanga umemjaa kwenye nyusi.

“Mwalimu, wewe unasifika kwa ukweli. Hapa pananuka?”

“Kauli ni ya mchezaji mwenyewe,” Erchie alijibu. “Mke wangu ametoa yake; sasa ni zamu yako.”

Mtaalamu aliuokota mpira wake. Kisha akatoa leso, akapanda.

Netta alikuwa amekwisha kuuangusha mpira wake ng'ambo, akauviringisha taratibu hadi ndani ya shimo. Aliketi kwenye nyasi, akafungua karatasi ya skonzi, akamwita mumewe.

“Mzee! Hunusi chochote huko chini?”

Erchie alivuta hewa kwa makini, kama mtu anayekagua jibu la mwanafunzi.

“Sinusi.”

“Basi piga. Tuna mashimo kumi na moja mbele, na Alhamisi ijayo sitaki uchelewe.”

Alipiga. Mpira ulirudi miguuni pake. Alitoka kwenye pigo la kumi na mbili, akiwa mtu pekee wa Inverskellie aliyelicheza handaki lile siku hiyo kama lilivyorejeshwa, na hakuna aliyepata kumwona akitabasamu hivyo akiwa ameshindwa.