Baba wa Waziri Mkuu

Siku Nivi Heilmann alipomkana mtoto wake mbele ya taifa zima, mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sitini na saba, mvi kichwa kizima, na ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Grinlandi.

Ngoja, usinikimbie. Ukielewa jina, umeelewa yote.

Kule Kangilleq, kijiji kidogo cha wawindaji kaskazini, mzee Efraim Berthelsen alizama na sleji yake ya kukokotwa na mbwa barafu ilipopasuka. Wiki hiyohiyo, nyumba ya pili, akazaliwa mtoto wa kike. Na huku jina la marehemu haliachwi lizurure kwenye baridi. Mtoto akaitwa Nivi Efraim, basi, mzee amerudi. Mjane wake, Dorthea, alikuja na buti zake za theluji, akakifunua kile kichanga kwenye blanketi, akakitazama weee, halafu akasema, "Karibu, mume wangu. Umechelewa, supu imepoa."

Na Kaali, mtoto wa marehemu, mwalimu wa shule ya kijiji, mwanaume mzima na ndevu zake, akashika kidole cha kile kichanga na kusema, "Baba."

Hakuna aliyecheka. Ndivyo ilivyo.

Nivi akakua hivyo, ana mke mzee na mtoto mwalimu. Darasani Kaali alimfundisha kusoma, na akimkuta anapiga kelele alimwambia, "Baba, tafadhali, kaa chini." Siku zake za kuzaliwa alimletea zawadi za kiume. Alipotimiza miaka minne aliletewa bunduki halisi, mama yake akairusha juu ya kabati mpaka kesho. Na kwa bibi Dorthea palikuwa na kikombe cha bluu, cha Efraim. Hakinywewi na mtu ila yeye.

Alipokuwa na miaka sita, Kaali alimjia wakati anakula keki, akachuchumaa mbele yake. "Baba, wananitaka nigombee ubunge. Ni mbali, Nuuk, mji mkuu. Niende?"

Nivi, mdomo umejaa krimu, akamwambia, "Nenda. Ila vaa kofia."

Kaali akaenda. Na akavaa kofia! Ya sufu, nyekundu, aliyofumiwa na mama yake. Mkimwona Kaali Berthelsen mmeona ile kofia. Alipokuwa mbunge aliivaa. Alipokuwa waziri wa uvuvi, wavuvi wamegoma, bandari imejaa matusi, aliingia nayo ghalani, akakaa juu ya kreti la samaki, akala nao, akabishana nao, akatoka wakiwa wanamwimbia. Alipokuwa Waziri Mkuu alipigwa picha nayo akiwa na wafalme. Mabango yake ya kampeni hayakuwa hata na jina. Kofia tu!

Lakini madaraka yana usingizi wake. Miaka ikaenda, Kaali akaanza kujibu kila swali kwa neno moja, "Tunaliangalia." Maduka ya vijijini yakafungwa, tunaliangalia. Vijana wakapanda ndege kwenda Denmaki wasirudi, tunaliangalia. Mwisho ikafungwa shule ya Kangilleq. Ileile aliyofundisha kwa mkono wake! Hapo Nivi, ambaye sauti yake nchi nzima iliijua kwa sababu ndiye aliyetangaza hali ya hewa redioni, mwindaji hatoki mpaka amsikie, akaacha kipaza sauti na kuingia kwenye siasa. Hakuchukua muda akawa kiongozi wa chama cha upinzani. Akataka kiti cha mtoto wake.

Sasa turudi kwenye ile siku ya kumkana mtoto, kwenye mdahalo wa televisheni kabla ya uchaguzi.

Nivi amejiandaa, macho makali. Akaanza, "Umefunga shule uliyofundisha wewe mwenyewe. Watoto wa miaka saba wanapandishwa helikopta kwenda kulala mabwenini. Kwa nini?"

Kaali akavua kofia, akaishika kifuani. "Nisamehe, baba."

Ukumbi ukacheka.

"Nauliza kama raia!"

"Naam, baba. Baba akikasirika hivi, mimi heri nikalale bila chakula."

Ukumbi ukaanguka! Mtangazaji mwenyewe kajificha nyuma ya makaratasi. Kila Nivi akirusha hoja, yule mzee anaidaka kwa "ndiyo baba", "umesema kweli baba", na hoja inakufa kwa kicheko. Na alijua anachofanya, mbweha yule. Nani atampa nchi mtu anayegombezana na mwanawe?

Nivi akasikia joto linampanda toka kisigino. Akapiga meza. "Acha! Mimi si baba yako! Baba yako alishakufa!"

Vicheko vikakatika.

Mwenye kikohozi alikimeza. Kaali hakuwa tena mwanasiasa pale. Sura ilimwishia rangi, macho kama ya mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Akairudisha kofia kichwani polepole, kwa mikono miwili, na mdahalo ukaishia hapo.

Nyuma ya jukwaa, Salik, meneja wa kampeni, kijana mrefu asiyeachana na simu, alikuwa anazunguka kama mbwa aliyefungwa. "Dada Nivi, tumekwisha. Tumekwisha kabisa! Mama yangu mzazi kaniandikia nisikulete nyumbani. Mtu anaua wafu mara ya pili, ndivyo wanavyosema. Hebu soma!"

"Sisomi."

"Hii soma. Inatoka Kangilleq."

Ilikuwa ya jirani yake bibi Dorthea. *Bibi amezima televisheni. Ametoa kikombe cha bluu mezani. Amekifunga kwenye taulo.*

Nivi akakaa juu ya sanduku la nyaya. Alikuwa amejiandaa kupoteza uchaguzi, hilo mwanasiasa yeyote hujiandaa. Kupoteza kile kikombe, hapana.

"Jumamosi bibi anatimiza miaka," akasema. "Kutakuwa na kafemik, kahawa na keki kwake. Naenda."

"Jumamosi tuna mkutano mkubwa Nuuk! Kura Jumanne! Dada, kura ziko Nuuk. Kangilleq mbwa ni wengi kuliko wapiga kura!"

"Mbwa wale wananijua."

Salik akafikiri, halafu macho yakamwaka. "Enhee! Sawa! Twende, unamwomba bibi msamaha, unalia kidogo, mimi narekodi. Dada, tunashinda!"

"Simu hiyo ikitoka mfukoni ndani ya nyumba ile," Nivi akamwambia, "nawapa mbwa. Na wewe juu yake."

Wakaruka. Ndege ndogo, kisha helikopta, upepo unaitikisa kama ungo. Kutoka kiwanjani Nivi alitembea mbio, theluji inalia chini ya buti, mbwa wanabweka kijiji kizima. Mlangoni kwa bibi Dorthea palikuwa na mlima wa viatu, maana kafemik ndiyo hiyo, nyumba iko wazi, watu wanaingia, wanakula, wanawapisha wengine. Nivi akavua buti. Akaingia.

Joto, harufu ya kahawa, nyama ya sili iliyokaushwa, keki kila pembe. Na anayepita na birika la kahawa, kwa soksi, ile kofia kichwani, kitambaa begani, nani? Waziri Mkuu mwenyewe. Akamwona Nivi, akasimama, kahawa ikammwagikia kidoleni asisikie.

Nyumba nzima ikaacha kutafuna.

Bibi Dorthea alikuwa kwenye kiti chake, mdogo kama kifurushi, shanga za sikukuu mabegani. Hakugeuka. "Nani huyo anaingiza baridi?"

"Ni mimi."

"Mimi nani? Mume wangu amekufa. Nimeona kwenye televisheni. Kwa rangi!"

Salik akaanza kurudi kinyumenyume. Nivi hotuba yote aliyoipanga kwenye helikopta ikayeyuka. Akasogea, akakaa kwenye benchi miguuni pa bibi, sauti ikamtoka ndogo.

"Nimechelewa," akasema. "Supu imepoa?"

Bibi akamgeukia. Akamtazama vile alivyokitazama kile kichanga. Halafu paa! Akamchapa kijiko cha keki gotini.

"Supu gani leo? Leo ni keki, mjinga wewe! Miaka yote niliyokaa na mtu huyu, akikosea anatokomea, akirudi anauliza chakula! Hajabadilika, hata kufa hakujamsaidia! Jamani, nileteeni lile taulo!"

Wee! Nyumba ikalipuka kwa kicheko, watu wanafuta machozi, wengine wanajifanya ni mvuke wa kahawa. Taulo likafunguliwa, kikombe cha bluu kikajazwa, na aliyekijaza ni Kaali.

Alipotoka kwenda kupunga hewa, Nivi akamfuata ukumbini penye viatu. Walisimama kati ya mabuti, wagombea wawili wa nchi, kwa soksi.

"Nilikuumiza," Nivi akasema.

"Nilikuchokoza. Nilijua wanacheka, nikaendelea. Baba hafanywi hivyo." Akaivua kofia, safari hii bila watazamaji. "Nimechoka, baba. Nakuuliza kama mtoto. Nirudi nyumbani?"

Nyuma ya Nivi, kwenye upenyo wa mlango, Salik alikuwa anatoa macho kama chewa, anasema bila sauti, *sema ndiyo! sema ndiyo!* Neno moja tu. Angesema "rudi", Kaali angerudi. Angejitoa kesho yake, na nchi ingekuwa mkononi mwa Nivi bila kura kuhesabiwa. Na angemtumia mzee Efraim kama vile Kaali alivyomtumia kwenye mdahalo.

"Hilo si swali la baba," akasema. "Waulize watu Jumanne. Efraim anakwambia hivi, pigana vizuri, na usinichekeshee watu tena kwa jina langu. Na Nivi anakwambia, nitakupiga mpaka ushangae."

Kaali akaachia cheko, lile la zamani, la juu ya kreti la samaki. "Haya. Tuone!"

"Na shule?"

Cheko likakatika. Akatazama mabuti. "Shule nilikosea, baba."

"Usiniambie mimi."

Jumatatu Kaali Berthelsen alisimama redioni na kusema, kwa mara ya kwanza watu hawajui toka lini, "Nilikosea." Hakusema tunaliangalia. Salik akajishika kichwa, "Ona sasa! Umempa dawa! Watu wanampenda upya!" Na kweli, Jumanne watu walipiga kura kama wamewehuka, wengine kwa Kaali aliyekubali kosa, wengine kwa Nivi aliyeacha mkutano Nuuk akaenda kula keki kwa mkewe. Habari hiyo hakuitoa Salik, naapa. Kijiji gani kinaficha kitu kama hicho?

Jumatano asubuhi vyama viwili vilikuwa sawasawa, kiti kimoja kinaning'inia, na kijiji kimoja kilikuwa hakijasomwa kwa sababu ya tufani. Unakijua. Ofisi ya chama Nuuk ilijaa watu hata ukutani, hakuna anayepumua, redio mezani. Msomaji akakohoa. Akasoma, Kangilleq, chama cha Nivi Heilmann, mbele kidogo tu. Kidogo, lakini mbele!

Sikwambii kelele zake. Meza ilivunjika.

Simu ya Nivi ikaita katikati ya vurugu, akaziba sikio moja. Alikuwa Kaali, anapiga toka kwa mama yake.

"Baba. Umesema niwaulize watu. Nimewauliza." Akavuta pumzi, ikatoka ndefu, kama mtu anayevua buti baada ya safari. "Ufunguo wa ile shule ninao mimi. Ukiifungua, mwalimu unaye."

Kwenye simu kukawa na purukushani, kisha sauti kali ikaingia. "Mpe hapa! Haloo! Mume wangu?"

"Mke wangu! Kura yako ulimpa nani?"

"Kura ni siri, hata kwa mume. Nasikia kelele, wanakuita?"

"Wanataka nitoke niwahutubie." Nivi akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Niende?"

Mbwa walisikika kwa mbali.

"Nenda," bibi Dorthea akasema. "Ila vaa kofia."

Nivi akageuka huku na huku, hana kofia. Salik akavua ya kwake, imelowa jasho la kampeni nzima, akampa. "Chukua, dada. Samahani, Waziri Mkuu."

Nivi akaivuta mpaka masikioni, akasukuma mlango.