Kanzu Iliyoshonwa Mapema

Umewahi kuona mtu akishonewa kanzu ya pasta ilhali pasta mwenyewe bado yuko kazini? Mimi nimeona, hapa Kabiro.

Nabii wa kanisa lao, Mama Amondi, alimwambia jirani yangu Oloo, mwimbaji wa kwaya, kwamba siku moja ataongoza waumini. Wiki hiyo hiyo mkewe, Akoth, alinunua kitambaa cheupe na utepe wa kijani, akashona.

“Mungu ameshasema, Baba Daisy. Unangoja huyo mzee azeeke mara ya pili?” akamwambia mumewe.

Basi Oloo akasimama kanisani, akasema amemwona pasta akinywa pombe ya chang'aa kwenye chupa. Mzee akaondolewa, Oloo akavaa kanzu. Baadaye ikajulikana kwamba chupa ile ilikuwa ya dawa ya kikohozi. Waumini wakamfuata mzee kwake Kambi Muru, Mama Amondi akiwa mbele. Jumapili iliyofuata Oloo alihubiria viti vya plastiki na mkewe.

“Mimi kuimba kulikuwa kunanitosha,” akamwambia. “Haya mengine aliyataka nani?”

Akoth alipanga viti vyote kwanza, kimoja juu ya kingine.

“Nilitaka waniite Mama Pasta,” akasema.