Singe Iliyopigwa Msasa

Oktoba ya mwaka tisini, waasi wa Inkotanyi walipoingia kutoka Uganda na vita vikaanza kule mpakani, Kigali ilijaa misako. Ukikutwa na kisu kirefu nyumbani, umejichimbia kaburi. Sasa mfikirie Maneno, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, mwenye singe kumi na moja, vile visu vya kuchomeka kwenye mtutu wa bunduki, chini ya kitanda! Masalia ya askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, na Wabelgiji, aliyoyakusanya miaka nenda miaka rudi kwa wauza vyuma chakavu. Mkewe Mukashema alimsihi ayatupe chooni. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Basi askari wawili waliposimama mbele ya cherehani yake saa nne asubuhi, aliacha nguo chini ya sindano akasimama. Kumbe hawakuja kupekua. Walisikia kwamba anazijua silaha za kale, na sajini wao anamwita.

Walimpeleka kwenye ghala moja nyuma ya soko. Ndani, juu ya sakafu, alikaa Gakwaya, seremala, rafiki yake wa siku nyingi, jicho moja limevimba likafumba kabisa. Mezani palikuwa na singe moja. Maneno aliitambua kabla hajaifikia, maana ni yeye aliyempa Gakwaya siku ya Idi, shukrani ya kutengenezewa mlango.

"Mutu huyu anasema aliokota hii kisu shambani," alisema sajini. "Ati iko ya vita ya zamani ya Wazungu. Mimi naona iko mpya. Kama iko mpya, imetoka Uganda na Inkotanyi, na yeye iko mutu yao. Sema, fundi."

Lo! Gakwaya amepigwa hivyo, na jina la Maneno hakulitaja.

Maneno aliishika singe, akaigeuza. Kila mkusanyaji anajua kwamba chuma cha kale hakisuguliwi, kutu ndiyo shahidi wake. Lakini yeye, kwa kupenda sifa, alitaka zawadi ing'ae. Juu ya mgongo wa ubapa hapo awali palikuwa na alama ya taji, herufi W na namba kumi na tano, yaani mwaka 1915. Msasa wake ulikula vyote. Alijilaani kimoyomoyo, akatamani kulia.

Ndipo akakumbuka alama nyingine, ndani ya mpini. Alitoa bisibisi ya cherehani mfukoni. Skrubu ilimponyoka, akaitafuta sakafuni kwa magoti, karibu kabisa na miguu ya Gakwaya. Alipovibandua vibao viwili vya mpini, taji dogo lilikuwa pale, katikati ya mafuta meusi.

"Hii hapa, afande. Chapa ya mfalme wa Wadachi. Singe hii imetuzidi umri sote humu ndani."

Sajini aliinama, akachungulia, akacheka. "Kweli, iko nzee!"

Maneno alishusha pumzi. Alhamdulillahi, Gakwaya amepona.

Sajini alipitisha kidole gumba kwenye makali, kikachirizika damu. Kicheko kilikoma. Aliitazama ile damu, kisha akamtazama Maneno.

"Kisu nzee, makali mpya," alisema polepole. "Nani alinoa? Mwenye alinoa iko mutu ya Inkotanyi."

Gakwaya aliinua lile jicho moja zima, akamwangalia rafiki yake. Neno moja tu, 'mimi', na ukweli ungejulikana: fundi mshamba aliyenoa zawadi kwa kujionyesha. Lakini wangekwenda Biryogo kupekua. Wangeinamisha vichwa chini ya kitanda. Maneno aliogopa, jamani, aliogopa.

"Sijui, afande," alisema.

Sajini alimgeukia mfungwa wake.

"Hajui huyo," alisema Gakwaya kwa sauti ya upole. "Nilinoa mwenyewe. Mwacheni aende, ana watoto."

Wakamwacha aende.