Kocha Aliyeuliza Kuhusu Pumu

Muuguzi mmoja hakuwahi kushindana hata mbio za magunia, lakini alitaka mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mpigo mmoja. Mume wa dada yake, kocha mwenye makombe rafu nzima, alimpokea bwawani huku akimkagua kama mzigo ulioharibika njiani.

"Ingia majini. Piga raundi ishirini."

"Shemeji, nina pumu, na kuogelea ndiyo kwanza naanza. Wanaoanza unawafundishaje?"

"Waoga siwafundishi. Dada yako alinidanganya kwamba una moyo."

Waogeleaji wakaangua kicheko. Muuguzi akamgeukia kocha.

"Basi nionyeshe mmoja tu aliyeanzia kwako akafika mwisho."

"Toka hapa!"

Akatoka, akaenda kwa mama mmoja fundi baiskeli aliyefundisha wanaoanza michezo hiyo mitatu. Naye alikuwa amenuna vilevile, ila alimuuliza kuhusu pumu kabla hata ya jina, akamwambia wiki nzima watajifunza kupumua tu kwenye maji ya kina kifupi. Muuguzi akamkubali papo hapo.

Shemeji alimnunia moja kwa moja. Hata siku muuguzi alipomaliza mashindano, wa tatu kutoka mwisho, kocha huyo alimpita bila salamu, naye muuguzi hakugeuza shingo.