Alama Mbili Kwenye Unga

Mtaa mzima ulimwita Hamira, na si kwa sababu alikuwa mwokaji mikate. Ni kwa jinsi alivyoumuka. Ukimwambia mkate wa jana ulikuwa mdogo kidogo, kifua kinapanda, shingo inajaa, sauti inatoka mpaka barabarani. Kisha, kabla hujafika mlangoni, ameshashuka, anakuita urudi akuongezee mkate wa bure na kukuuliza watoto hawajambo. Mkewe, Mama Tonge, alishamzoea. Akianza kupanda, yeye huendelea kufuta meza.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeondoka kabla Hamira hajashuka, naye alikuwa dada yake.

Dada huyo, Shangazi yake Tonge, alikuwa mtunza nyoka. Alifanya kazi kwenye maabara ya chuo, mitaa michache kutoka hapo, ambako watafiti walichunguza namna wanyama wasio na miguu wanavyotembea. Yeye ndiye aliyewalisha, akawaosha, akawapitisha juu ya mchanga, mbao na ndani ya mabomba huku kamera zikiwapiga picha. Siku moja alipitia duka la kaka yake akitoka kazini. Mteja akaona kipande cha gamba la nyoka, chepesi kama ganda la kitunguu, kimenasa kwenye mkono wa sweta yake. Mteja akaacha mikate juu ya kaunta, akaenda zake.

Hamira akaumuka. "Hapa tunauza chakula! Usikanyage tena dukani kwangu na hayo madude yako!"

Dada yake akachukua mkoba wake, akatoka. Hamira aliposhuka, alikuta mlango mtupu. Tangu hapo kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze, na hakuna aliyeanza. Mama Tonge aliongea na wifi yake kwa simu, akamtumia picha za mtoto, lakini dukani mwanamke yule hakutia mguu.

Sasa, nyuma ya duka kulikuwa na stoo ya unga. Ukuta wake mmoja ulikuwa ndio mgongo wa tanuri, kwa hiyo chumba kilikuwa na joto zuri hata siku za baridi. Hapo ndipo Tonge alipolala kila siku katikati ya asubuhi. Alikuwa hajafika miaka miwili, mnene, mwenye mashavu ya kung'atwa. Kitanda chake kilikuwa kreti kubwa la plastiki la kubebea mikate, limetandikwa blanketi lililokunjwa, na ncha moja ya blanketi ikaning'inia mpaka sakafuni. Mama yake alisema hakuna kitanda cha duka kitakachomlaza vile.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Hamira aliingia stoo kuchukua unga, akaburuta gunia, gunia likachanika ubavuni, na unga ukamwagika sakafu nzima. Akasonya. Angefagia, lakini tanuri lilikuwa linamsubiri, basi akaburuta kilichobaki mpaka mlangoni na kutoka, akirudishia mlango polepole ili asimwamshe mtoto.

Mama Tonge alikuja baadaye kidogo kumchungulia mwanawe. Akafungua mlango, na macho yake yakaanguka kwanza chini. Kwenye unga mweupe kulikuwa na alama zilizotoka upande wa tundu la mfereji, chini ya ukuta, zikavuka chumba. Akazifuata kwa macho. Mwisho wake, chini ya kreti, akaona kitu cha kahawia kinachong'aa, chenye unene wa kidole gumba, kikipanda kwa ile ncha ya blanketi. Kikapenya katikati ya nafasi za plastiki. Mkia ukafuata taratibu, ukaingia wote, na blanketi likatulia.

Tonge alikuwa amelala chali, mdomo wazi.

Mama Tonge hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akamshika mumewe mkono.

"Nyoka," alinong'ona. "Kwenye kreti. Ameingia kwa mtoto."

Hamira alikuwa ameshika ule ubao wa mpini mrefu anaotolea mikate tanurini. Akageuka nao mzima mzima kuelekea stoo.

"Hapana," Mama Tonge akamzuia kifuani. "Ukimkosa je? Ukimpiga mtoto je?"

"Sasa nisimame tu nimwangalie?"

"Nampigia wifi."

Hamira akaushusha ubao. "Mpigie," alisema. "Mpigie haraka, mke wangu."

Shangazi alipokea simu mara moja, na sauti yake ilikuwa tulivu kiasi kwamba Mama Tonge aliishikilia kama mtu anavyoshikilia kamba.

"Umeona kichwa?"

"Mkia tu. Kahawia. Unang'aa."

"Amepita kwenye nini?"

"Unga. Umemwagika sakafuni."

"Alama zake zikoje? Zimepinda, au zimenyooka?"

Mama Tonge alisogea mlangoni, akaangalia. "Zimenyooka. Kama zimepigwa rula. Pana."

Mama Tonge alikuwa ameshasikia hadithi za kazini kwa wifi yake, na alikumbuka moja: nyoka wengi hujipinda wanapotembea, lakini kifutu, yule mnene mvivu mwenye sumu kali, anaweza kwenda mbele kama mstari, akijivuta kwa tumbo kama kiwavi.

"Ni kifutu?" aliuliza.

"Sijui bado. Nisikilize. Msiliguse kreti. Msitembee kwa kishindo, mwambie kaka azime mashine, mtikisiko wa sakafu unamshtua. Mtoto akianza kuamka, mwimbie alale, asirushe miguu. Natoka sasa hivi."

Hamira akazima mashine ya kukandia. Duka likawa kimya namna ambayo hawajawahi kulisikia mchana. Mama Tonge akapiga magoti kizingitini, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo usio na maneno, ule anaomwimbia Tonge kila siku. Mara moja mtoto akakunja mguu. Mara nyingine akasugua pua. Kila mara blanketi lilipocheza, Hamira alimshika mkewe bega kwa nguvu mpaka kesho yake palibaki alama.

Shangazi aliingia kwa mlango wa nyuma, amelowa, na mabuti yake ya kazini, ndoo yenye kifuniko mkono mmoja, na fimbo yenye ndoana mkono wa pili. Hakumwangalia kaka yake. Hakumwangalia hata mtoto. Alichuchumaa kizingitini, akaiangalia sakafu kwa muda ambao Mama Tonge aliuona mrefu kama mwaka.

"Nani ameburuta gunia hapa?" aliuliza.

"Mimi," Hamira akajibu.

"Basi huu mstari ulionyooka ni wako, kaka. Tazama, hapa kuna uzi wa gunia." Akanyoosha kidole pembeni yake. "Mgeni wetu ni huyu."

Hapo ndipo Mama Tonge alipoona kwamba alama zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa nyembamba, imepinda huku na huku kwa mikunjo mipana, na kwenye kila kona unga ulikuwa umesukumwa ukafanya kilima kidogo. Mahali pengine mikunjo ilikuwa imerundikana, mmoja juu ya mwingine, kama mtu aliyekimbia bila kusogea.

"Alikuwa anateleza," Shangazi alisema polepole. "Nyoka anayejipinda hutafuta kitu cha kusukumia ubavu. Jiwe, shina la nyasi, chochote. Hapa hakupata, unga juu ya saruji laini. Lakini huyu mikunjo yake ni mipana mno. Ni kama ana mwili mgumu, haukunjiki vizuri."

"Maana yake si kifutu?"

"Maana yake sina hakika, wifi. Alama si cheti cha kuzaliwa. Nitamchukulia kama ndiye mbaya kuliko wote mpaka nimwone uso. Rudini nyuma."

Akavua mabuti ili asitikise sakafu, akaingia na soksi. Alipofika kwenye kreti alisimama upande wa kichwa cha Tonge, akatia ndoana chini ya pindo la blanketi, akalinyanyua taratibu, taratibu mno, kama mtu anayefunua sufuria asitake mvuke umchome.

Kilikuwa hapo. Kimejilaza sambamba na mguu wa mtoto, kimegusana na shavu la mguu wake, kimetulia kwenye joto lake. Mama Tonge aliona kichwa kidogo kilichochongoka, akauma mkono wake mwenyewe.

Shangazi hakusogea. Alikuwa anasubiri kitu, na hawakujua ni kitu gani. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Mama Tonge akadhani analia.

"Amepepesa," Shangazi alisema.

"Amefanya nini?" Hamira aliuliza.

"Amepepesa macho. Nyoka hana kope, kaka. Nyoka hapepesi hata umtupie mchanga." Aligeuka, na uso wake ulikuwa umejaa kicheko alichokuwa akikizuia asimwamshe mtoto. "Wifi, njoo mchukue mwanao."

"Na nyoka?"

"Hakuna nyoka humu. Huyu ni mjusi. Mjusi asiye na miguu. Hana sumu hata tone."

Mama Tonge hakukumbuka alivyovuka ile sakafu. Alikumbuka tu uzito wa Tonge kifuani, shingo yake yenye jasho, harufu yake ya maziwa na unga. Akamvua nguo zote, akamkagua vidole, mapaja, nyuma ya masikio, hakukuwa na hata mkwaruzo. Mtoto, aliyekuwa amelala wakati wote wa msiba wao, sasa ndipo akaamka na kulia kwa hasira kwa sababu anavuliwa nguo. Kilikuwa kilio kizuri kuliko vyote ambavyo mama yake amewahi kusikia.

Hamira akakaa chini palepale kwenye unga. Akajifuta uso kwa mkono wa unga, akabaki mweupe mpaka kwenye nyusi.

"Kaka, umezeeka ghafla," dada yake akamwambia.

Hamira akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko, na ndipo harufu ya kuungua ilipowafikia. Trei zote za tanurini zilikuwa zimegeuka makaa. Hamira alizitoa, akazitazama, na kwa mara ya kwanza tangu afungue duka hakuumuka.

"Ziungue tu," alisema. "Ziungue zote."

Mvua ilikuwa imekatika. Shangazi akambeba mjusi ndani ya ndoo mpaka ua wa nyuma, wote wakafuata, Tonge amefungwa kwenye taulo. Wateja wawili waliokuwa wakigonga kaunta nao wakazunguka kuja kuona kuna nini. Akamlaza kwanza kwenye saruji laini ya kibaraza. Mjusi akajipinda kushoto, akajipinda kulia, akahangaika bure, hakusogea hata shubiri.

"Kumbe hajui kutembea," Hamira alisema.

"Anajua, hana pa kushika tu. Nyoka ana magamba mapana tumboni, yanang'ang'ania ardhi kama tairi. Huyu hana hayo. Anategemea ubavu. Sasa ngoja." Akamnyanyua kwa mikono miwili, akiuacha mkia ulale huru. "Mkia wake sivuti. Ukimtisha, anauacha mkononi mwako na kukimbia."

Akamweka pembeni, kwenye changarawe na nyasi ndefu. Hapo wakamwona mnyama mwingine kabisa. Bega lake, kama ni bega, likagusa jiwe. Kiuno kikaegemea shina. Mkunjo ukakamata, ukasukuma, na sehemu ya nyuma ikapita palepale ilipopita ya mbele. Akateleza kama maji yanayojua njia. Mteja mmoja, fundi wa viatu, akapiga makofi bila kujijua.

"Ina maana alikuja kwangu kuota moto tu," Hamira alisema.

"Shimo lake limejaa maji. Ungefanya nini?"

Wakabaki kaka na dada, wanaziangalia nyasi zilizokuwa zinacheza mbali zaidi na zaidi.

"Kwa nini uliacha kuja?" Hamira aliuliza.

"Si ulinikataza?"

"Na wewe ukasikiliza! Tangu lini umewahi kunisikiliza? Utotoni nilikwambia usipande juu ya paa, ukapanda. Nikakwambia usiolewe na yule mpiga ngoma, ukaolewa. Hili moja tu ndilo ukaamua kutii?"

Shangazi alimtazama, na uso ule wa unga ukamshinda. Akacheka mpaka akashika ukuta. Hamira akamvuta akamkumbatia, mabuti mkononi, ndoo mkononi, na wote wawili wakachafuka.

"Nilikuja kwenu siku mbili," Hamira alisema kwa sauti ndogo. "Nikafika getini, nikageuka."

"Nilikuona. Siku zote mbili nilikuwa dirishani."

Mama Tonge aliwaacha hapo. Aliingia ndani, akaziba lile tundu la mfereji kwa kipande cha wavu, akakisukuma mara tatu kuhakikisha kimekaza. Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, jua jembamba likimpiga miguuni, Tonge mapajani. Mtu akamletea kikombe cha chai, hakujua ni nani. Alikunywa yote, bila sukari, na ilikuwa tamu.