Tiketi ya Marlys

Nilipakia mahindi kwenye mabehewa miaka thelathini na nane, na shule niliiacha mapema, kwa hiyo mwandiko na mpangilio mtanivumilia. Nataka kusema ukweli kuhusu marehemu mke wangu, Marlys, na kiti chake katika uwanja wa mpira wa chuo kikuu cha hapa kwetu.

Viti vyetu viwili, safu ya kumi na moja, tuliachiwa na baba yake. Zamani ulilipa tiketi, ukakaa, basi. Kisha wakubwa wa ofisi ya michezo ya chuo wakaleta sheria yao: kiti kizuri ni cha mtu anayechangia na anayehudhuria. Mlangoni mashine inasoma tiketi, inalia, na inaandikwa kwamba umekuja. Ukikosa mechi tatu katika msimu mmoja, kiti anapewa mwingine, na wewe unapandishwa kule juu kabisa, wachezaji unawaona kama siafu.

Mwaka juzi Marlys alilala kitandani, mapafu yamemshinda. Mechi mbili alikuwa ameshakosa. Jumamosi ya mechi ya tatu nilikuwa nafunga viatu aliposema, "Orv, leo kaa na mimi."

"Tukikosa hii watakichukua kiti cha baba yako."

"Wakichukue. Baba yuko makaburini, hakitaki."

"Utakikalia wewe ukipona."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Una kichwa kigumu kama nyumbu. Haya, niwashie redio basi."

Nikaiwasha, nikaenda. Mlangoni alikuwepo Twyla, aliyekagua tiketi mlangoni pale tangu nywele zake ni nyeusi. Nikampa tiketi mbili.

"Bibi yuko wapi?"

"Kapitia chooni. Anakuja."

Mashine ikalia mara mbili. Niliketi kando ya kiti kitupu nikaweka koti langu juu yake. Nilitoka robo ya nne, ile ya mwisho, ilipoanza. Nilipofika nyumbani redio ilikuwa bado inasema, na Marlys alikuwa ameshapoa mikono.

Siku ile tulishinda.

Agosti hii akaja kijana wa ofisi ile, Brock Hanley, kazi yake ni kuwafurahisha wapenzi wa timu na kuwaomba michango. Alikunywa kahawa yangu, akafungua karatasi.

"Mzee Stuhr, tumepitia kumbukumbu zetu. Unajua mkeo alikuja uwanjani siku ileile aliyofariki?"

Nikamwongezea kahawa.

"Ameumwa hivyo, bado akaja! Tumetengeneza filamu fupi. Siku ya mechi ya kwanza ya msimu tutaionyesha kwenye skrini kubwa, wewe utasimama katikati ya uwanja na maua. Jukwaa jipya tunalochangisha litakuwa na jina lake mlangoni."

Ningemwambia palepale. Lakini niliwaza jina la Marlys mlangoni, likisomwa na watu wote, nikatia sahihi. Wakati anaondoka alinipigapiga bega, nami nikamwacha anipige.

Ikafika Jumamosi ya mechi hiyo. Mlangoni Twyla alinikumbatia. "Leo siku ya bibi. Lete zote mbili, ya Marlys naipitisha kwa heshima."

Mkono wangu ukakataa. "Usiipitishe, Twyla. Siku ile hakuwa chooni. Alikuwa nyumbani anakufa."

Twyla aliishusha mashine taratibu. Brock alikuwa ndani, maua mkononi, akasikia yote. Akanivuta pembeni.

"Mzee, nani mwingine anajua?"

"Sasa wewe na Twyla. Iondoe ile siku kwenye filamu."

"Siwezi. Hiyo siku ndiyo inayowaliza watu. Bila hiyo ni bibi mmoja tu aliyependa mpira."

"Ndiyo. Ndivyo alivyokuwa."

"Wafadhili wameshakaa, mzee wangu. Simama dakika mbili tu. Hutasema neno."

Wao ndio waliotunga sheria ile, na hilo nitalisema mpaka nizikwe. Lakini si wao walionifunga viatu. Nikamwekea tiketi zote mbili juu ya maua yake.

"Mpe mtu anayehudhuria," nikamwambia.

Nyumba yetu haiko mbali na uwanja. Nilipanda ngazi nikiwa na koti mwilini. Kitanda chake sijakiondoa. Nikavuta kiti, nikaketi pale aliponiomba niketi, saa ileile niliyokuwa sipo. Redio sikuiwasha.

Baada ya muda dirisha likaanza kutetemeka. Umati mzima ulikuwa umesimama, unampigia makofi kwa kwenda mahali ambapo hakwenda. Yalidumu sana makofi yale. Pale kitandani ungeyasikia yote, wala usingehitaji redio. Hata siku ile aliyasikia, na alijua mimi niko katikati ya makofi hayo.