Chupa ya Alhamisi

Kufikia Alhamisi ya tano, Phelesia alikuwa ameshajua saa wanayomtoa mumewe damu. Dresa Maroa huingia wodini baada ya uji, humfunga Nashon mpira mkononi, humchoma sindano nene, na damu hushuka kwenye chupa mpaka ijae. Kisha chupa hufunikwa kitambaa na kutolewa kwa mlango wa nyuma. Huko nyuma Phelesia hakuwahi kufika, na huko ndiko roho yake ilikokwama.

Ugonjwa alikuwa ameuona ukianza. Miaka sita nyuma, Nashon akichimba dhahabu Osiri, macho yalimgeuka manjano akalala miezi miwili. Aliinuka, lakini hakupona sawasawa. Mwaka huu ikamjia kiu ya kumaliza mtungi, akakonda, ngozi ikawa kama ya majivu, na sisimizi wakaanza kupanga mstari pale alipokojoa. Phelesia ndiye aliyewaona sisimizi, na ndiye aliyesema twende Homa Bay hospitalini. Kwa hiyo Nashon akifia huko, wangesema ni mkewe aliyempeleka.

Shemeji yake, Cephas, alishaanza kusema. Jumapili alikuja kutoka Osiri, akautazama mkono wa ndugu yake, akamvuta Phelesia kando. Alisema hata mtoto anajua kazi ya mumiani. Mtu amebaki mifupa, damu yake wanaitolea nini? Ikifika Alhamisi ya sita, anamchukua ndugu yake kumrudisha nyumbani.

"Na wewe, nyar Rusinga, binti wa kisiwani, unakaa hapo kila siku. Hiyo chupa inaenda wapi?"

Phelesia alichokuwa nacho ni sufuria.

Tangu chupa ya kwanza aliamua kwamba wakitoa, yeye atarudisha. Alikwenda machinjioni, akaomba damu ya ng'ombe, akaipika kwa shangazi yake mpaka ikashikana nyeusi, ile rimba ambayo wanaume huisifu. Kwao Rusinga ni Wasabato na damu hawali. Yeye hakuionja hata kwa ncha ya ulimi. Aliifunika kwa mboga, akamlisha mumewe huku jicho liko mlangoni. Nashon alilamba vidole, akasema hospitali wanamkamua kama ng'ombe na mkewe anamjaza kama pipa.

Alhamisi hiyo ya tano, chupa ilipotoka, Phelesia aliifuata. Alimwona Maroa akipita jikoni, akipita chumba cha kufulia, mpaka kwenye shimo. Akaimwaga yote, akarushia chokaa.

"Mbona unaimwaga?"

Maroa aligeuka taratibu. "Ulitaka niipeleke wapi, dada?"

"Wanasema mnauza."

"Hii nani anunue? Akitiwa mtu mwingine, naye macho yake yatageuka manjano."

Phelesia hakumwamini upesi. Anayemwaga moja anaweza kuwa ameuza nne. Akauliza, kama haina kazi, inatolewa ya nini.

Maroa, Mkuria wa kule mpakani, alimweleza kwa Kiswahili cha polepole. Ile manjano haikutoka; bado imelala kwenye ini la Nashon. Juu yake ini limejaa chuma, pengine kwa sababu ya pombe ya migodini inayopikwa kwenye mapipa ya chuma. Daktari anadhani chuma hicho ndicho kilichoharibu pia mahali mwili unapotawala sukari. Damu ikitolewa, mwili unachota chuma kwenye ini ili utengeneze nyingine. Sukari huenda isipone, ila ini litapumzika.

"Lakini daktari amechoka," Maroa akasema. "Tunatoa chupa nzima, tukipima chuma wiki inayofuata ni kama hatukutoa kitu. Anakula nini huyu?"

Sasa yeye ndiye aliyetazamwa. Phelesia aliona angeweza kunyamaza na kuacha kupika, asijue mtu. Lakini Cephas angekuja amchukue Nashon, arudi kwenye mapipa yale yale. Na wa kumzuia hakuna, isipokuwa mtu anayeweza kusema kosa lilikuwa wapi.

Aliingia wodini, akatoa sufuria chini ya kitanda, akaiweka kando ya shimo na kuondoa mboga. Maroa alinusa.

"Hata mama yangu angempikia hii," akasema, "lakini damu ya ng'ombe nayo imejaa chuma." Akaimwaga juu ya chokaa.

Alhamisi ya sita Cephas alifika mapema. Phelesia hakubishana naye. Alimngojesha mpaka chupa ikajaa, akampitisha mlango wa nyuma, wakasimama pamoja wakitazama damu ikizama shimoni. Akamweleza habari ya chuma, kisha akamwambia, "Wao walikuwa wanatoa. Mimi ndiye niliyekuwa narudisha."

Cephas akaitazama sufuria mkononi mwa Phelesia.

"Na leo umebeba nini?"

"Ngege."

Cephas aliifunua mwenyewe, akamgeuza yule samaki kwa kidole, akamega mkia, akautafuna mpaka mwisho. Ndipo akaichukua sufuria, akampelekea ndugu yake kitandani.